Bei ya Macho: Siku Tatu za Sindano na Uzi Mjini Lamu



Wasomaji wetu watukufu, wiki mbili zilizopita safu hii haikuonekana mahali pake, na baadhi yenu mliuliza kulikoni. Hatukuugua wala hatukuwasahau. Tulikuwa safarini. Tulikwenda Lamu, wanawake watano wa rika mbalimbali, kila mmoja na kikapu chake cha nyuzi, kwa nia ya kushona, kupumzika na kununua kazi za mikono. Tumerudi salama, alhamdulillah, nasi tumerudi na jambo ambalo hatukulifungasha tulipoondoka. Hilo ndilo tunalotaka kuwasimulia leo.

Sisi hukutana kila Jumatano baada ya swala ya Alasiri, nyumbani kwa mmoja wetu katika Mji wa Kale, Mombasa. Mkubwa wetu ni bibi aliyekwisha kupita miaka sabini, ambaye sote twamwita Somo, kwa kuwa wengi wetu ni yeye aliyetushika mkono na kutufunza kutunga uzi. Kazi yetu kubwa ni kudarizi kwa ule mshono wa kupandanisha, ambao nyuzi mbili hukatana juu ya kijimraba cha kitambaa mfano wa herufi X. Mshono huu hautaki mashine wala umeme. Unataka kitambaa chenye matundu yaliyopangika, sindano butu, uzi, na hesabu. Hesabu ndiyo roho yake. Ukikosea tundu moja leo, kesho ua zima litakuwa limehama mahali pake.

Wako wanaodhani kwamba ufundi huu ni mchezo wa wageni uliokuja na magazeti ya mitindo. Sivyo. Akina mama wa Palestina wamekuwa wakidarizi nguo zao ndefu kwa mshono huuhuu kwa vizazi vingi, wakiuita tatreez, na mtu mjuzi aliweza kuitazama nguo ya mwanamke na kutambua ametoka sehemu gani kwa maua na rangi zilizoko kifuani. Mwaka 2021, shirika la UNESCO liliutia ufundi huo wa Wapalestina katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Hivyo basi, binti yako akishika sindano na kitambaa cha matundu, mwambie anashika jambo lenye nasaba.

Turudi kwenye safari. Kwa mwaka mzima kila mmoja wetu alitia shilingi 200 kila wiki katika mkoba mmoja. Kwa wiki 52 ni shilingi 10,400 kwa kila mtu, na hizo ndizo zilizotulipia nauli, nyumba na chakula. Fedha za kununulia vitu kila mtu alibeba zake, ili asije mmoja akaona haya kwa kuwa mwenziwe ana zaidi. Tuliwaarifu waume na wazee wetu mapema, na tulifuatana na mume wa mwenzetu mmoja pamoja na mwana wa Somo. Safari ya mwanamke ina hukumu zake, na kila nyumba na imuulize shekhe wake. Tulitia nia ya kukaa siku tatu kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, na kwa hiyo tukabaki katika hukumu ya wasafiri, tukipunguza swala zetu kama tulivyofunzwa.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na upepo wa kusi ulikuwa ungali ukivuma. Tuliondoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Witu, tukisimamishwa hapa na pale kwenye vituo vya ukaguzi, hata tukafika Mokowe na mchana umekwisha kupinda. Hapo barabara huishia baharini. Tulipanda mashua ya injini, na muda si mrefu tukauona mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, umejipanga ukingoni mwa maji kwa kuta zake nyeupe na mapaa ya makuti. Somo alikaa mbele ya mashua. Alituuliza kama tayari twauona mji. Tulimjibu kwamba uko mbele yake. Hakusema neno tena, nasi hatukulitia maanani swali lile.

Nyumba tuliyoikodi ilikuwa mtaa wa Langoni. Ilikuwa na daka la mawe mlangoni, uwanja mdogo wa ndani, na dari ya wazi juu ambayo upepo haukuikosa. Asubuhi tulikula mkate wa mofa kwa chai, tukipishana na punda katika vichochoro tulipokwenda na kurudi. Baada ya hapo kila mmoja alichukua kazi yake. Mmoja alikuwa na kitambaa cha meza cha mawaridi, wa pili pazia, wa tatu mkeka wa kuswalia aliouchorea mihrabu kwa nyuzi za kijani. Somo alikuja na foronya mbili za mjukuu wake wa kike, ambaye inshaallah ataolewa mwisho wa mwaka. Ya kwanza ilikuwa imekwisha. Ya pili ilikuwa nusu.

Kwa manunuzi, msafiri Lamu hana haja ya kubabaika. Kutoka uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, barabara ya ndani ya mji inakupitisha kwa masonara wa fedha, mafundi wa kuchonga mbao na washonaji. Mikeka ya ukindu hutoka Matondoni, kijiji ambacho wanaume wake huunda majahazi na wanawake wake husuka. Viatu vya ngozi vina sifa ya Siyu, mji ambao zamani ulijulikana pia kwa kunakili misahafu kwa mkono. Lakini sisi tulikuwa tumekwenda na hamu ya kofia.

Kofia ya Lamu haifanani na zile za mashine zinazoletwa kwa maboksi kutoka ng'ambo. Ina vipande viwili vya kitambaa cheupe, duara la juu na ukanda wa pembeni. Nakshi huchorwa kwanza, kisha hufuatwa kwa sindano, mshono kwa mshono, na baina ya maua hutobolewa vitobo vidogo ambavyo kingo zake hushonwa moja moja, ili kichwa kipate hewa. Kofia moja huweza kumla mshonaji miezi kadhaa.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, tulimkuta mama mmoja ameketi kwenye daka la nyumba yake, kofia mbili zimekunjwa katika kitambaa kando yake. Alitaja shilingi 7,500 kwa moja. Mwenzetu aliitaka kwa ajili ya mumewe. Hapo tukaingia kazini. Tunakiri kwamba katika kupatana bei sisi si wanagenzi. Mmoja alisifu, wa pili akatia dosari, wa tatu akajifanya anaondoka, na mwenye kununua akafungua mkoba na kuufunga tena. Yule mama alishuka kidogo kidogo, mpaka akafika shilingi 4,500. Alizihesabu mara mbili, akatushukuru, akaingia ndani. Sisi tulirudi nyumbani tukicheka kama watu waliokamata samaki mkubwa kwa ndoano ya kuazima.

Usiku ule darini tulipokuwa tukinywa kahawa, Somo aliomba apewe kofia. Hakuitazama. Aliipitisha vidole pole pole, duara zima, kisha akauliza, "Alisema imemchukua muda gani?"

Tulimjibu kwamba alisema miezi mitatu.

"Miezi mitatu ni siku tisini. Gawanyeni."

Tuligawanya. Ilikuwa shilingi 50 kwa siku, na bado hatujatoa kitambaa na uzi.

"Hamsini," Somo alisema. "Kikombe cha chai na mahamri mawili. Nyinyi ni washonaji, wanangu. Mwajua uzi hauishi peke yake. Jicho nalo huisha. Leo mmenunua macho ya mtu kwa bei ya mahamri."

Hakuna aliyejibu. Kupatana bei ni halali, na hakuna aliyemlazimisha mwenziwe. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimwombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai haki yake, nasi tulijua kwamba mchana ule upole haukuwa upande wetu. Tulikuwa tumeiona haja yake usoni, na tuliitumia.

Jumamosi asubuhi tulirudi na shilingi 3,000. Tulidhani tutapokewa kwa dua. Yule mama alizitazama zile noti, kisha akatutazama sisi.

"Hizi ni za nini, dada zangu?"

Tulieleza kwa kubabaika. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Jana nilihitaji fedha, na jana nikauza," alisema. "Biashara ile tumekwisha kuridhiana. Sadaka ina watu wake na mlango wake, na mlango huu sio. Mimi ni mshonaji. Mkitaka kunitendea wema, niagizeni kazi, mnipe bei yangu na mnipe muda wangu."

Hapo tulijifunza mara ya pili, tena kwa aibu zaidi. Jana tulimpunguzia malipo, na leo tulikaribia kumpunguzia heshima. Tuliagiza kofia mbili kwa shilingi 7,500 kila moja, tukatoa arbuni nusu ya fedha zote, naye akaandika majina na vipimo vya vichwa katika daftari la mjukuu wake. Baada ya hapo alituambia tusikimbie, akaita kahawa, nasi tukaketi dakani pamoja naye na kazi zetu mikononi. Alikuwa hajapata kushona mshono wetu wa kupandanisha, akataka kuuona.

Somo alimpa foronya ya pili.

Yule mama aliiweka magotini, akaifuata kwa kidole kutoka pembe hadi pembe. Alisimama mahali pamoja, akarudi, akasimama tena. Kisha akasema kwa sauti ya upole, bila kuzungusha, "Mama, hapa umeruka. Na hapa. Ua hili limehama. Mato yako yamechoka."

Mato, kwa lugha ya Amu, ni macho.

Wasomaji wetu, tuwaambie kweli: sote wanne tulikuwa tukijua. Tangu Ramadhani tulikuwa tumeyaona makosa katika kazi ya mwanamke ambaye hatukupata kumwona akikosea. Tulimwona akichukua uzi wa manjano mahali pa mweupe. Tulimwona akikwepa mwanga wa taa. Mmoja wetu aliwahi kuichukua foronya ile nyumbani kwa kisingizio cha kuifua, akafumua safu mbili na kuzishona upya usiku, kisha akairudisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuliona huo ndio upendo. Tulisema baina yetu kwamba ni mtu mzima, tusimvunje moyo, harusi ya mjukuu iko karibu.

Somo hakushtuka. Alisema, "Najua. Nilikuwa nikingoja kuona ni nani kati ya wanangu hawa atakayeniambia." Kisha akamgeukia yule aliyeifua foronya. "Na zile safu mbili zilizonyooka nazijua pia. Mkono wangu naujua, mwanangu. Ule haukuwa wangu."

Mwenzetu alilia. Somo alimshika mkono, akaendelea kwa sauti ileile. Alituambia kwamba amekuwa akiona ukungu kwa zaidi ya mwaka. Aliogopa kisu cha daktari. Kila Jumatano alituletea kazi yake na kututazama nyuso. "Nilijiambia kwamba maadamu watu wangu hawaoni kosa, basi maradhi bado ni madogo. Nyinyi mkinyamaza, nami napata udhuru wa kukaa."

Tulinyamaza tena, lakini safari hii tulikuwa tunaona haya. Kimya chetu tulikuwa tumekiita adabu. Kumbe ndicho kilichomkalisha nyumbani mwaka mzima na ugonjwa wenye tiba.

Tulimwambia kwamba foronya tutaiacha ilivyo, kwamba mjukuu ataipenda zaidi kwa kuwa ni mkono wa bibi yake. Alikataa katakata.

"Fumueni," alisema. "Mjukuu wangu atalalia mto. Hatalalia maradhi yangu."

Basi jioni ile, baada ya Isha, tulifumua safu kumi na moja. Uzi uliofumuliwa hauna nguvu tena, kwa hiyo tuliutupa na kukata mpya. Mdogo wetu kuliko wote, ambaye bado hajamaliza mwaka tangu aanze kushona, alikabidhiwa sindano. Somo aliketi kando yake na kumhesabia mchoro kwa kichwa, tundu baada ya tundu, kwa kuwa mchoro wote alikuwa nao moyoni. Tuliyafahamu hapo maana ya kurithishana ufundi, ambayo tulikuwa tukiitaja mikutanoni bila kuifikiri sana.

Jumapili tuliitumia kwa mikeka na viatu, na Jumatatu tukarudi. Haikupita wiki moja tangu turejee, mwana wa Somo alimpeleka mama yake hospitali ya macho, nasi wawili tukafuatana nao. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, kwa macho yote mawili, na amempa tarehe ya kupasuliwa jicho la kwanza. Hofu haijamtoka, lakini amekubali. Tunaomba kila msomaji amtie katika dua zake.

Nasi tunaiweka nasaha hii mbele ya kila familia. Mtoto wa jicho ni kule kuingia ukungu kwa lenzi iliyo ndani ya jicho. Haumi, na ndiyo sababu watu huukalia. Dalili zake ni kuona kama kuna moshi, kuumizwa na mwanga wa taa, na rangi kufifia au kuchanganyika. Mwenye kisukari yuko katika hatari zaidi. Tiba yake ni upasuaji wa muda mfupi, ambao lenzi iliyochafuka huondolewa na kutiwa nyingine, na mara nyingi mgonjwa hulala nyumbani kwake siku ileile. Mzee akianza kukosea tundu la sindano, kumwaga chai kando ya kikombe, au kushika ukuta anapoteremka ngazi, usimfichie. Mwambie kwa adabu, na umwambie ukiwa tayari umejifunga kumpeleka.

Kwa wale watakaotaka kujaribu mshono wetu katika siku za likizo zilizobaki, haya ndiyo machache ya kuanzia. Nunueni kitambaa cha matundu makubwa, chenye vijimraba 14 katika inchi moja. Kikunjeni mara mbili mpate katikati, na hapo ndipo pa kuanzia, ili ua lisije likaangukia ukingoni. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja. Zitenganisheni, mtumie mbili. Kateni urefu wa nusu mita, si zaidi, maana uzi mrefu hufanya mafundo. Msifunge fundo nyuma, bali upitisheni mkia wa uzi chini ya mishono ya mwanzo. Na mishono yote ya juu na ielekee upande mmoja, kwani hiyo ndiyo inayoipa kazi mng'aro wake. Ikimalizika, ifueni kwa maji ya uvuguvugu, kisha mpige pasi upande wa nyuma juu ya taulo.

Na mtakapokwenda kununua kazi ya mkono, iwe Lamu, iwe sokoni Mombasa, ulizeni kwanza imemchukua mtu siku ngapi. Gawanyeni kimya kimya moyoni. Kisha mtaje bei ambayo nyinyi wenyewe mngeridhika kulipwa kwa siku hizo. Kama fedha hazitoshi, si aibu kusema hazitoshi na kuondoka kwa salamu njema. Hilo lina heshima kuliko kumng'ang'ania mwenye haja mpaka achoke.

Foronya ya pili bado haijakwisha. Imebaki robo. Jumatano hii tutakutana tena baada ya Alasiri, na Somo atahesabu, na mdogo wetu atashona.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azihifadhi nuru za macho yetu, na atujaalie ndimi zenye kusema kweli kwa upole. Amin.

Wabillahi tawfiq.